Mbwa mzee na dola 250

Pengine utacheka kwanza. Mimi pia nilicheka, siku mama mmoja mjane, jirani yetu huku Katuba, Lubumbashi, aliponiambia kwamba anatafuta dola 250 juu ya kupasulisha mbwa.

Mbwa mwenyewe ni jike, miaka 12, na uvimbe mkubwa kwenye maziwa. Daktari wa wanyama alisema: kwanza picha ya mapafu, kisha kupasua. Dola 250 kwetu inapita mshahara wa mwezi wa walimu wengi. Shemeji yake, ndugu wa marehemu bwana yake, alikasirika: « Shemeji, mutoto wangu anafukuzwa ku masomo juu ya minervale, na weye unataka kulipia imbwa munganga? » (Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini sekondari mzazi bado anatoa.) Mama akajibu: « Ile usiku bezi baliingia mu lupango, ni nani aliamusha sisi? Ni weye? »

Wengi wanasema eti wazee wetu hawakujua huruma ya namna hii, ni mambo ya Wazungu. Nina mashaka. Mbwa wetu wa kuwinda wa msituni, yule Wazungu wanamwita basenji, habweki. Kwa hiyo wawindaji walimchongea kengele ya mti na kumfunga shingoni, ili wasikie yuko wapi. Mtu anayekaa chini kumchongea mnyama kengele anamtambua kama mwenzake wa kazi. Nao Bakongo walichonga Kozo, mbwa mwenye vichwa viwili, kwa sababu mbwa anaishi kati ya kijiji na pori, na anaona upande wa walio hai na upande wa wafu. Ni kweli pia kwamba tunampiga mawe, na jina lake kwetu ni tusi. Yote mawili ni desturi yetu. Basi desturi haitupi jibu tayari, inatuachia tu neno moja: deni.

Lakini deni la nini? Kama pesa ile ni ya mtoto kweli, mtoto anatangulia, na hapo sina maneno. Ila tuseme ukweli: mara nyingi pesa hiyo haikuwa ya mtoto hata siku moja. Tunakunywa bia, tunashona kitenge kimoja wote kwa matanga, na hakuna anayetaja minervale. Minervale inakumbukwa pale tu mwingine anapotaka kutumia pesa yake kwa jambo tusilolipenda.

Ugumu, kwangu mimi, uko upande wa mbwa mwenyewe. Mtu anayepasuliwa anavumilia kidonda kwa sababu anangojea kesho. Mbwa hajui kesho. Anajua tu kwamba leo anaumia, na kwamba ni sisi tuliompeleka. Uvimbe wa maziwa kwa mbwa jike, karibu nusu ni ule mbaya, na ule mbaya hupenda kwenda mapafuni. Kama umeshafika huko, kupasua kunatuliza dhamiri ya mwenye mbwa kuliko kumsaidia mbwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari, mbele ya bei, ni hili: siku atakazopata zitakuwa siku gani? Atakula? Atatembea? Kama jibu ni hapana, kuna dawa ya kupunguza maumivu, na mwishoni kuna sindano ya kumlaza asiamke. Najua kanisani wengine wanaiogopa. Mimi naogopa zaidi yule anayemwacha mbwa wake nyuma ya jiko, inzi wanamla, akisema « Mungu atajua ».

Picha ya mapafu ilitoka safi. Mama alichukua zamu yake ya likelemba, ambayo alikuwa anaiwekea mabati, akalipa. Nadhani alifanya haki, kwa sababu nyumba inayovuja ni yake mwenyewe, si ya mtoto wa shemeji. Lakini sikusema hivyo mbele ya shemeji.

Mbwa sasa anaenda tena mpaka ku mlango wa lupango, polepole. Mvua ikinyesha, mama anaweka masufuria chini ya paa. Shemeji bado hapiti kumsalimia.