Cherehani ya Nyumbani na Haki ya Mke

Tuliulizwa suali hili katika darsa baada ya sala ya Isha, na kwa kuwa jambo lenyewe limeenea katika majumba mengi ya mwambao wetu, tumeona yatupasa kuliandika. Mtu mmoja alimnunulia mkewe cherehani. Bibi huyo akajifunza kukata na kushona, akawa ashona nguo zake na za wanawe, sare za skuli na mapazia ya nyumba. Kisha majirani wakaanza kumletea madera na kanzu za watoto kwa ujira. Mume alipoona hivyo akasema, "Alhamdulillahi, sasa nimepumzika na habari ya nguo." Tangu siku hiyo, huu ni mwaka wa pili, hakumnunulia mkewe hata leso moja. Ikikaribia Idi humwambia, "Wewe si fundi?" Na juu ya hayo ataka nusu ya ujira, kwa kuwa cherehani ilitoka mfukoni mwake. Je, ana haki?

Kushona chako kwa mkono wako ni jambo la sifa, wala hapana haja ya kulirefusha hilo. Bibi Zaynab binti Jahsh (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mwanamke wa kazi, akitengeneza ngozi na kuzishona, na alichokichuma akakitoa sadaka. Imamu al-Khassaf, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi aliyekufa mwaka 261 wa Hijra, alikula kwa kushona viatu, na jina lake hilo ni jina la kazi yake. Lakini tazameni habari ya Bibi Zaynab kwa makini. Sadaka haitolewi ila katika mali ya mtoaji. Chumo lilikuwa lake.

Sasa tuje kwenye wajibu wa mume. Maulamaa wetu wa Kishafii wamelieleza jambo hili mpaka mtu hapati pa kujifichia. Nguo za mke ni juu ya mumewe: kanzu, suruali, ushungi na viatu, na mahali pa baridi huongezwa vazi zito, naye hupewa kila mwanzo wa miezi sita, kwa kadiri ya uwezo wa mume na ada ya mji. Hawakuacha hata vifungo na kamba ya suruali. Na ujira wa mshonaji pamoja na uzi wakauweka juu ya mume, kama walivyosema katika chakula, kwamba akitoa nafaka, basi kusaga na kuoka pia ni juu yake. Basi mtu huyu hakuacha kutoa kitambaa tu. Ameacha kitambaa, ameacha uzi, na ameacha ujira wa fundi, kisha adai sehemu katika pato la fundi huyo huyo!

Huenda mtu akasema: Bibi Asma binti Abubakar (r.a.) alimtumikia mumewe Zubeir, akimlisha farasi wake, akishona ndoo yake ya ngozi, na kubeba kokwa za tende kichwani kutoka mbali. Ni kweli, na hadithi hiyo ni sahihi. Wako maulamaa, na Ibn al-Qayyim ni mmoja wao, walioshika kwayo kuwa mke humtumikia mumewe kwa kadiri ya ada. Madhehebu yetu husema alifanya kwa hiari na wema wake. Lakini chukua kauli yoyote uitakayo katika hizo mbili: utumishi wa nyumba ni jambo moja, na gharama ya nguo ni jambo jingine. Na Zubeir wakati huo alikuwa fakiri asiyemiliki kitu ila farasi na ngamia wa kutekea maji. Muulizaji wetu ana duka.

Kuna jambo jingine lililotushughulisha zaidi kuliko hukumu. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake. Mara ngapi tumewasikia watu wakiwasomea wake zao hadithi hii ili kuwahimiza kushona! Ilhali mwenye sindano katika hadithi ni mwanamume, na nguo ni yake mwenyewe. Wala hatuwezi kusema sindano ni aibu kwa wanaume, kwani mafundi wa kanzu katika miji yetu tangu zamani ni wanaume, huketi dukani mchana kutwa na cherehani, na watu huwaamkia kwa heshima. Mwanamume huyo huyo akitakiwa kurudishia kifungo cha mwanawe nyumbani, huona ameshushwa. Sindano ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba dukani hushona kwa ujira, na nyumbani hushona kwa ajili ya watu wake. Basi tunachokionea haya si kazi, ni kuwatumikia tulio nao.

Ama cherehani yenyewe, ikiwa alimpa mkewe akaipokea, ni yake bibi, wala mume hana ruhusa ya kurejea katika kipawa chake. Ikiwa alimwazima tu, aweza kuitaka irudi, lakini pato la mikono ya mke halimhusu. Na akitaka kuikodisha, na wapatane ujira unaojulikana kabla ya kazi.

Muulizaji akasema: "Je, na hii miaka miwili iliyokwisha pita?" Tukamwambia kuwa kwa madhehebu yetu chakula na nguo za mke haziondoki kwa kupita muda; ni deni juu ya mume hata kama hakuna kadhi aliyehukumu, ila mke akisamehe kwa ridhaa ya moyo wake, bila ya kutishwa wala kuonewa haya. Akauliza kama aweza kulilipa kidogo kidogo. Tukamwambia akamwulize mwenye deni.