Nakala Dhaifu na Nyuso za Gito

Swali la mahali filamu inapokaa hasa, kama ni kwenye utepe asilia uliopita ndani ya kamera, kwenye nakala zilizotolewa kwake, au kwenye mwanga unaotua mbele ya watazamaji, haliepukiki tangu Walter Benjamin alipodai, katika insha yake ya mwaka 1936, kwamba ni kazi bure kutafuta nakala moja iliyo halisi kati ya nyingi za picha ya kamera. Dai hilo lina uzito, lakini linapwaya pale linapochukulia kwamba nakala zote husema jambo lile lile.

Bujumbura ina mfano wake. Gito l'ingrat, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, iliyoongozwa na Léonce Ngabo na kutolewa mwaka 1992, ni kichekesho kuhusu kijana anayerudi kutoka masomoni Paris akiamini kwamba uwaziri unamngoja, akaukosa, na mwishowe wapenzi wake wawili, Flora wa nyumbani na Christine wa Ufaransa, wakaungana kumtia adabu. Kichekesho cha namna hii husimama kwa mizani: mtazamaji hana budi kuwasoma wote watatu usoni kwa uwazi mmoja, ili acheke majivuno ya Gito bila kumchukia, na amtambue Flora kuwa mwerevu badala ya kumwonea huruma tu.

Mizani hiyo inategemea kemia. Utepe wa filamu ni plastiki iliyopakwa tabaka la dawa linalobadilika likipigwa na mwanga, na kila unaponakiliwa, tofauti ndogo ndogo zilizomo kwenye vivuli huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kupotea. Kaseti za VHS, zilizotawala sebule za miaka ya 1990, ziliongeza hasara hiyo. Ngozi nyeusi, hasa katika matukio ya usiku au ya ndani ya nyumba, huangukia kwenye vivuli hivyo hivyo, na isitoshe, kwa miongo mingi Kodak ilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha za wanawake weupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Kwa hiyo, katika nakala ya nakala, uso wa Marie Bunel anayeigiza Christine huweza kubaki na kila dalili ya shaka na kicheko, ilhali Joseph Kumbela na Aoua Sangaré, wanaoigiza Gito na Flora, wakabakiwa na macho na meno. Mhakiki hodari akiiona nakala hiyo ataandika kwamba mwongozaji amempa Mzungu nafsi na kuwanyima Waafrika. Hoja yake itakuwa na ukweli ndani yake, ila mshitakiwa siye.

Ukataji wa pande za picha ili ienee kwenye runinga za zamani una madhara ya jinsi hiyo hiyo, kwa kuwa huweza kumtoa nje mtu ambaye mwenzake anazungumza naye.

Mwaka 2009, mwaka ambao tamasha la filamu la FESTICAB lilianza Burundi, Hito Steyerl, msanii wa Ujerumani, alichapisha utetezi wa picha duni, akisema kwamba ndizo zinazozifikisha kwa watu kazi ambazo soko limezitupa. Katika nchi yenye kumbi chache za sinema, ni vigumu kumpinga. Lakini utetezi huo hauulizi ni uso wa nani unaofutika ili picha isafiri.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walikutana na tatizo la aina hii zamani, nao hawakuridhika na maneno yaliyopokewa bila isnadi, yaani mlolongo wa majina ya waliopokezana. Hadithi dhaifu hawakuitupa moja kwa moja: wengi wao waliiruhusu itumike kuhimiza mema, wakakataa itumike kutoa hukumu. Kwa kipimo hicho, kaseti iliyochoka inatosha kabisa kumjua Gito na kumcheka. Kumhukumu Ngabo kwa jinsi alivyowatazama Flora na Christine kunahitaji kwanza mhakiki aeleze ameiona nakala gani, na ilitolewa kwenye nini.