Singo, Liwa na Kutaka Weupe

Yako maswali ambayo watu huyadharau kwa kuwa huulizwa uani, si barazani. Mojawapo ni hili: mwanamke ajisinguaye kwa liwa na manjano ili uso wake ung'ae, je, anajipamba, au analikataa umbile lake? Sisi twaona swali hili lina uzito, na jibu lake halimo ndani ya liwa.

Singo ya pwani yetu, tangu Lamu hadi Unguja, hufanywa kwa liwa, karafuu, mawaridi, asumini na vinukato vingine, vikachanganywa na marashi, kisha bibi arusi akasingwa kabla ya arusi yake. Kazi yake ni kuondoa taka na ngozi iliyokufa, na kuacha mwili laini wenye kunukia. Rangi haibadili wala haiwezi. Kwani rangi hutengenezwa chini zaidi, na chembe ziifanyazo, mweusi na mweupe wanazo kwa idadi iliyo karibu sawa, zikatofautiana katika kazi tu. Manjano nayo hupaka umanjano juu ya ngozi, ukadhaniwa weupe, na baada ya siku chache ukatoka. Hatuna neno na mapambo haya. Na lau waume nao wangesingwa, nyumba nyingi zingepata raha.

Ama ndimu twaitoa katika hesabu hii. Maji yake yakikaa juu ya ngozi na jua likaipiga, ngozi huweza kuungua na kutoa malengelenge, pakabaki baka jeusi kwa majuma au miezi. Aliyetaka weupe akapata kinyume chake.

Lakini njia haiishii hapo. Singo isipoleta weupe, mtu hutia katika kibakuli kile kile krimu ya kopo, akaendelea kuiita dawa ya nyumbani. Katika baadhi ya krimu hizo hupatikana zebaki, ambayo hudhuru figo, na hidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuipa ngozi weusi wa kibuluu usiotoka kwa urahisi. Mataifa yalipatana katika Mkataba wa Minamata wa 2013 kuizuia zebaki katika vipodozi vya namna hii, na bado makopo yanauzwa.

Basi lawama ni ya nani? Desturi ni kumlaumu mwanamke, na sisi hatukubali. Hakuna msichana aliyezaliwa akiuchukia uso wake. Mtoto akizaliwa tu, wageni humtazama masikio ili wajue atakuwa mweusi au mweupe. Akikua, husikia akisifiwa hivi: "Mzuri, ila mweusi." Katika neno hilo "ila" mna kopo zima la zebaki. Na wasemao hivyo ni watu wanaosoma katika Sura ya Rum kwamba kutofautiana kwa ndimi na rangi ni ishara za Mwenyezi Mungu, kisha wakamtuma mama akawatafutie mchumba mweupe.

Atasema mtu kuwa kupenda rangi ni kama kupenda chakula, kila mtu na ulimi wake. Lau ingekuwa hivyo, wangepatikana wa kupenda huku na wa kupenda kule. Upendeleo wote ukielekea upande mmoja, huo si ulimi tena, ni bei. Na bei hii ina historia: pwani ya Kenya ilikaa na utumwa mpaka ulipofutwa kisheria mwaka 1907, na weusi ukahesabiwa dalili ya utumwa. Sheria ilifutwa, jicho la mposaji halikuguswa.

Kwa hiyo bibi arusi na asingwe kama kawaida. Mwenye kuposa, akiletewa habari za msichana, aulize tabia yake na elimu yake, na rangi aiache. Na ambaye ngozi yake imekwisha haribika aende kwa daktari, kopo mkononi, wala asione haya.