Aliyetangulia Ana Haki Gani?

Mtu akijenga nyumba kando ya mashine ya kusaga unga, kisha akalalamikia ngurumo yake, tutamwambia nini? Wengi tutamjibu: mashine uliikuta. Jibu hilo ni jepesi, na mara nyingi ni la haki. Lakini je, ni la haki sikuzote?

Tutazame jambo lililotokea Marekani, katika Kaunti ya Kitsap, jimbo la Washington. Huko, karibu na mji wa Bremerton, chama cha walenga shabaha kilianzishwa mwaka 1926, kikapanga ardhi ya serikali ya jimbo yenye ekari 72. Miaka ikapita, na makazi ya watu yakazidi kuukaribia uwanja. Mwaka 1993 wakuu wa kaunti walikiri kwamba uwanja ule ulikuwapo kwa halali. Mwaka 2009 kaunti ikakikabidhi chama ardhi ile kwa hati. Mwaka uliofuata, kaunti ile ile ikakishtaki ili uwanja ufungwe.

Nani asiyeona uchungu wa wanachama? Mkono uliowapa ndio uliotaka kuwanyang'anya. Lakini shauri liliposikilizwa, ilidhihirika kwamba uwanja haukuwa tena ule wa zamani. Saa za kupiga risasi zilikuwa zimeongezwa. Silaha za kupiga mfululizo na baruti zimeingia. Mafunzo ya kijeshi ya kulipiwa yamefanyika. Tena ilionekana kwamba risasi zaweza kuvuka mipaka na kuwafikia majirani. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya jimbo ilikubali kwamba kelele na hatari ile ni udhia, na kwamba chama kimepanua kazi yake pasipo haki. Hata hivyo ilikataa kwamba kosa hilo lifute haki yote ya chama ya kuutumia uwanja wake.

Hapa twaona kipimo cha kwanza. Kutangulia humlinda mtu katika kile alichokuwa nacho, wala hakumpi ruhusa ya kuongeza mzigo juu ya mabega ya jirani. Na uhai wa mtoto achezaye uani haupimwi kwa kuuliza ni nani aliyefika kwanza.

Lakini haki ina upande wa pili. Yuko mtu anunuaye ardhi kwa bei nafuu kwa sababu ni shamba, akajenga nyumba nyingi na kuziuza kwa faida, kisha akataka serikali imwondoe mwenyeji. Katika jimbo la Arizona, kampuni ya Del E. Webb ilijenga mji wa Sun City karibu na mazizi ya kunenepeshea ng'ombe yaliyokuwapo tangu mwaka 1956. Harufu na nzi vikawasumbua wakazi. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya jimbo iliamuru mazizi yahame, kwa ajili ya afya ya watu. Lakini ikaamuru pia kampuni iliyowaleta watu pale ilipe gharama ya kuhama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi, halmashauri yoyote itakayo kufunga uwanja wa shabaha yapaswa kujiuliza kwanza: Je, twawakinga watu na hatari ya kweli, au twamsafishia tajiri kiwanja? Ni nani aliyetoa kibali nyumba zijengwe pale? Kama hatari ni ya kweli, na izuiwe leo, kwa kuta imara, kwa kupunguza saa, na ikibidi kwa kuhama. Lakini asiyekosa asihamishwe mikono mitupu, huku mwingine akihesabu faida.

Mwenye mashine ya kusaga hana ruhusa ya kuwasumbua majirani usiku kucha. Wala jirani hana ruhusa ya kumfanya maskini kwa kosa la kutangulia tu.