Je, Kuogopa ni Kukosa Imani?

Tangu nivunjike mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, nimeulizwa sana: "Ndugu, kama uliombewa, mbona huendeshi baiskeli?" Sasa naendesha, na wengine wanasema namjaribu Mungu!

Mtulinga wa mtu mzima kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Aliyeuumba ndiye aliyeupangia mwendo huo, kwa hivyo kungoja si kumkosea. Mfalme Hezekia aliahidiwa miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu lake. Ahadi haikufukuza dawa.

Lakini mfupa ukishaunga, woga hubaki. Daktari ameniruhusu, mkono unainuka vizuri, ila nikifika kwenye mteremko vidole vinakimbilia breki vyenyewe. Je, hiyo ni dhambi? Mimi nasema hapana. Woga unaoniambia nivae helmeti na nisikilize matatu iliyo nyuma yangu ni mlinzi. Ule unaoniambia baiskeli ikae stoo milele, wateja wa maziwa wakose, na karo ya watoto isilipwe, huo umeshajifanya mwenye nyumba. Mlinzi akae getini. Usimpe funguo za nyumba.

Mpendwa, labda wewe uliumia katika biashara ama urafiki. Ngoja upone, usione haya. Ukishapona, panda, hata kama mikono inatetemeka. Amina.