Deni Alilodaiwa Samsoni

Wengi tukimtaja Samsoni tunataja nywele. Lakini ukisoma kitabu cha Waamuzi katika Biblia, sura ya 14 na ya 16, unamkuta mtu aliyeangushwa na lawama, tena mara mbili, na kwa maneno karibu yale yale.

Kwanza ni Timna, kwenye arusi yake mwenyewe. Amewategea waalikwa 30 kitendawili, na dau ni mavazi. Bibi arusi anamlilia siku baada ya siku kwamba hampendi, maana angempenda asingemficha jibu. Siku ya saba Samsoni anachoka, anasema. Kabla jua halijazama jibu liko midomoni mwa waalikwa. Tumtendee haki binti huyo: walikuwa wametishia kumchoma moto yeye na nyumba ya baba yake. Anayekubebesha lawama si lazima awe na roho mbaya. Huenda naye anasukumwa na hofu, ila anayeumia ni wewe.

Delila wa bonde la Soreki hakutishwa. Wakuu wa Wafilisti walimwahidi fedha, vipande 1,100 kutoka kwa kila mmoja wao. Akauliza siri ya nguvu za Samsoni, Samsoni akamdanganya; akafungwa kamba mbichi. Akadanganya tena, akafungwa kamba mpya. Mara ya tatu vishungi saba vya nywele zake vilifumwa pamoja na nguo, kigingi kikakazwa, kisha akaitiwa adui. Hebu tazama: mwanamume ametoka usingizini, anang'oa kigingi na nguo kwa kichwa chake, na mwenye kununa ni Delila! Eti amedhihakiwa mara tatu, mapenzi gani hayo?

Na ni kweli Delila alidanganywa. Ndiyo maana lawama ilipenya. Lawama ya aina hii hushika kosa dogo la kweli, ikalikuza mpaka lifunike kosa kubwa la anayelaumu. Samsoni alisumbuliwa kila siku hadi akachoka kuishi, akafungua moyo wote, siri ya nywele ikatoka. Akaishia Gaza, macho yameng'olewa, akisaga nafaka gerezani.

Leo utaambiwa: kama kweli unanipenda, nipe namba ya siri ya simu yako. Au kaka atakukumbusha ada aliyokulipia kila unapokataa kumdhamini mkopo. Ada ni kweli alilipa, na shukrani anastahili. Lakini angalia mazungumzo yanaelekea wapi. Umeulizwa kuhusu mkopo, ghafla unajitetea kwamba wewe si mtu mbaya. Ukitimiza ombi hili, kesho linakuja kubwa zaidi. Na wewe ukiumizwa, hakuna anayeuliza.

Hapo kataa waziwazi, kwa upole: "Kaka, nakupenda na nakushukuru, ila mkopo sitadhamini." Usirundike sababu, kwa kuwa kila sababu itageuzwa kuwa kosa jipya. Usiahidi usichokusudia ili upate amani ya usiku mmoja. Anayekupenda atanuna, kisha yatapita; anayetaka kitu kutoka kwako atapandisha bei, na hapo umemjua. Samsoni kule Soreki hakusema "sitakuambia" hata mara moja. Alichagua uongo mara tatu, na kila uongo ukampa Delila haki ya kudai.