Saa ya Bure Kwenye Kompyuta ya Duka

Kijana mmoja wa Morogoro alikuwa na duka la stationery karibu na stendi: kompyuta moja, printa, mashine ya fotokopi na wateja wasiokatika. Waliotafuta kazi walichapisha barua zao hapo, walimu walileta mitihani kwenye flashi, na wengine walituma kazi zao kwa barua pepe ya duka.

Alipenda kompyuta yake ipendeze. Enzi za shule aliwahi kuiona Windows 7 yenye saa ya mishale, hali ya hewa na kipimo cha prosesa pembeni mwa skrini, na hamu ya wijeti hizo haikumtoka. Windows 10 ya dukani haikuwa nazo. Akaingia mtandaoni, akapata saa ya bure, yenye rangi za kuvutia, kwenye tovuti asiyoijua. Akaelekezwa kwanza asakinishe programu ya kurudisha wijeti za zamani. Antivairasi ikapiga kelele, akaizima. Kompyuta ikamuuliza kama anaruhusu mabadiliko, akabonyeza Ndiyo bila kusoma. Saa ikatokea, na kila mteja aliyeingia akaisifia.

Wiki kadhaa baadaye mwalimu mmoja aliingia dukani, simu mkononi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Kijana wangu, mbona unaniambia nitume hela ya mitihani kwa namba hii nisiyoijua?”

Ujumbe ulikuwa umetoka kwenye barua pepe ya duka, lakini kijana hakuuandika. Wateja wengine walikuwa wameshatuma hela zao.

Akaitwa fundi. Fundi alinakili faili la ile saa, akabadilisha kiishio chake kutoka .gadget kuwa .zip, kisha akalifungua. Ndani mlikuwa na picha za mishale, faili la maelezo liitwalo gadget.xml, ukurasa wa HTML na hati ya JavaScript. Hivyo ni vya kawaida kwa wijeti ya aina hiyo. Lakini palikuwa na faili jingine, la .exe, ambalo hati ile iliagizwa kuliwasha kila mara saa hiyo inapofunguka. Kazi yake ilikuwa kunasa kila kinachoandikwa kwenye kibodi, nenosiri la barua pepe likiwemo.

“Kaka, kasaa kadogo namna hii?”

“Ni kadogo machoni tu, mdogo wangu. Kila unachoweza kukifanya wewe kwenye kompyuta hii, na kenyewe kaliweza.”

Hatari hiyo ilikuwa imeshajulikana siku nyingi. Microsoft ilileta wijeti hizo na Windows Vista mwaka 2007, na katika Windows 7, mwaka 2009, zikaendelea kuwepo. Julai 2012, watafiti Mickey Shkatov na Toby Kohlenberg walipokuwa wanajiandaa kueleza udhaifu wa wijeti hizo kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat, Las Vegas, Microsoft ilitoa tahadhari: wijeti mbovu au ya hila inaweza kumpa mshambuliaji nafasi ya kuendesha amri zake, na mtumiaji akiwa ameingia kama msimamizi, kompyuta nzima inaweza kutekwa. Pamoja na tahadhari hiyo ikatolewa zana ya kuzizima kabisa, na Windows 8 ikatoka mwaka huohuo bila wijeti hizo. Kijana wetu alikuwa ameufungua mlango ambao mjenzi wa nyumba mwenyewe aliufunga.

Funzo si kwamba kupamba skrini ni kosa. Kompyuta ni mahali pa kazi, na mtu ana haki ya kupafanya papendeze. Ila waliosema ukiona vyaelea vimeundwa walituachia swali la kuuliza kwanza: nani kaunda? Anayetaka saa au kipimo cha prosesa anaweza kutumia programu ya Rainmeter, ambayo msimbo wake uko wazi, mradi aipakue kwa watengenezaji wenyewe. Mapambo yake mengi huandikwa kwenye mafaili ya maandishi ya .ini, yafungue kwa Notepad uone yanasoma nini na yanawasha nini. Kifurushi kikija na programu-jalizi usiyoijua asili yake, kiache. Kwenye Linux, mipangilio ya programu kama hiyo iitwayo Conky nayo ni maandishi, lakini yanaweza kubeba amri za kuendesha programu, kwa hiyo isome kabla hujainakili.

Tena, kwa kazi za kila siku tumia akaunti isiyo ya msimamizi, hasa kompyuta inapobeba siri za watu wengine. Na antivairasi ikikukataza jambo, usiizime ili upate pambo. Hela za wale wateja hazikutoka mfukoni mwa kijana, lakini kidole kilichobonyeza Ndiyo kilikuwa chake. Anayetunza kazi za watu huanza kwa kusoma anachoulizwa kabla hajakubali.